Ukuta Nyuma ya Nyumba ya Zbaida

Ain Sarfa, 4 Oktoba 1961

Mdogo wangu Lazhar,

Barua hii ikukute huko Tunis ukiwa na afya, na tumbo lako likiwa na kitu. Sisi huku wazima, ila goti langu la kushoto limeanza vituko vyake vya kila baridi ikikaribia. Shemeji yako Amor hajambo. Macho yake ni yale yale, lakini miguu bado myepesi: jana alikwenda mwenyewe chemchemi akarudi na ndoo imejaa, mkono mmoja ukutani kama kawaida yake. Anakusalimu, na anauliza kama umeshaoa au bado unachumbia mawe.

Nakuandikia kwa jambo. Wiki iliyopita walikuja watu wawili na kopo la rangi nyekundu. Hawakumpigia mtu hodi. Walikwenda mlango kwa mlango wakiandika namba, kuanzia kwa imamu hadi zizi la kina Hsan pale kwenye ngazi za Warumi. Mimi ni thelathini na moja. Salha jirani yangu akawauliza, "Wanangu, hii ni ya kodi au ya chanjo?" Mmoja akacheka, akasema, "Tunahesabu tu, mama." Salha akamjibu, "Hata mchinjaji huanza kwa kuhesabu."

Tangu siku hiyo kijiji hakina raha. Wanasema wakubwa wanataka mji wa Warumi ubaki mtupu, wageni waje waone nguzo bila nguo zetu zilizoanikwa katikati yake, na sisi tupelekwe bondeni kando ya barabara, kwenye nyumba za saruji zilizopangwa mstari kama meno. Wewe unafanya kazi katika ofisi hiyo hiyo ya magofu. Kuna nini?

Mimi nitazoea popote, lakini Amor je? Hapa anajua kila jiwe kwa kiganja chake. Miaka sita tangu macho yamzimikie, hajaniomba hata siku moja nimshike mkono. Bondeni atashika nini?

Nijibu upesi, wala usinipambie. Baba aliniachia mimi kazi ya kukufundisha kuandika. Najua ukisema uongo hata kwa kalamu.

Dada yako,
Zbaida


Tunis, 19 Oktoba 1961

Dada yangu Zbaida,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Nimeipata barua yako nami ni mzima, namshukuru Mungu. Pole kwa goti. Lipake mafuta ya zeituni ya moto, usilidharau. Mwambie Amor mawe hayaombi mahari, ndiyo maana nimedumu nayo.

Kuhusu namba, usiwe na wasiwasi. Ofisi yetu huandika namba kila mahali, hata kiti ninachokalia kina namba. Habari za kuhama ni maneno tu kwa sasa.

Nikupe habari nzuri badala yake. Lile jiwe refu nje ya msikiti, ambalo wazee hulikalia wakingoja adhana, nimemaliza kulisoma. Ni la mwanamke, jina lake Namgidde. Zaidi ya miaka elfu moja na mia sita iliyopita alikuwa akiwapa watu wa mji mafuta ya kuogea kila mwaka, siku aliyozaliwa mwanawe. Watu wakamwekea jiwe ili kila apitaye alisome jina lake. Na sisi tumekuwa tukimkalia! Waambie wazee wamwombe radhi.

Jambo dogo tu. Siku hizi mnalala chumba gani? Kama bado ni kile cha nyuma, nadhani afadhali mhamie cha mbele, karibu na mlango. Wanasema baridi ya mwaka huu itakuwa kali. Na ile mitungi ya mafuta ihamishieni mbele pia. Tafadhali usisahau.

Mdogo wako akupendaye,
Lazhar


Ain Sarfa, 2 Novemba 1961

Lazhar,

Salamu. Tu wazima.

Tangu lini chumba cha mbele, upepo unakoingia kama mgeni asiye na haya, kikawa na joto kuliko cha nyuma chenye tanuri? Nilipoisoma barua yako nilimwambia Amor, "Huyu mtoto ana kitu kimemkwama kooni." Nakuuliza habari za mlango wangu, unanipa habari za mwanamke aliyekufa.

Sasa nimejua. Jumatatu alikuja mpima ardhi. Mtu mwenye adabu, alivua kofia. Aliomba meza, akatandaza ramani kubwa juu yake na kuzikandamiza pembe kwa vikombe vyangu vya kahawa. Akaanza kutuonyesha: hapa hekalu, hapa soko la Warumi, hapa bwawa lao la maji. Nyumba zetu zimechorwa kwa mistari myembamba, kama vitu vinavyongoja kufutwa. Miti yote ya kijiji ni viduara tu. Duara, duara, duara. Lakini mtini wa uani kwangu una majani. Una hata lile tawi lililoinamia kisima. Nikauweka kidole juu yake, nikamwuliza, "Huu ameuchora nani?" Akasema, "Bwana Lazhar wa ofisini, mama. Ana mkono mzuri."

Mkono mzuri.

Ulikuja Aprili ukakaa siku tisa. Ulikula kuskusi yangu. Ulipanda ule ukuta wa hekalu nyuma ya nyumba na kamba zako, nikakuuliza unafanya nini, ukanijibu, "Nauchora kwa kuupenda, dada." Nami nikaenda kujisifu kwa Salha: mdogo wangu amesoma, lakini hajasahau kwao.

Mpima anasema ripoti ya ofisi imeandika kwamba majengo ya kale ni hatari kwa wakazi, na kwamba vipimo ni vyako. Nyumba zote arobaini na moja zihamwe kabla ya majira ya kiangazi. Watu wameanza kunikwepa chemchemi. Salha peke yake ndiye aliyenisalimu, tena akasema, "Si kosa lako, Zbaida. Hata mkate mzuri hutoka na upande ulioungua."

Sina la kuongeza.

Zbaida


Tunis, 9 Novemba 1961

Dada yangu,

Natumaini u mzima, na shemeji pia. Mimi afya ninayo, amani sina.

Kila ulichoandika ni kweli. Ramani ni yangu. Nilikudanganya Aprili na nikakudanganya tena mwezi uliopita, kwa sababu niliogopa uso wako, na ninauogopa hata kwenye karatasi. Ila kuna jambo moja hulijui. Nakuomba usiitupe barua hii kabla ya kulifikia.

Ule ukuta wa hekalu nyuma ya nyumba yako unaanguka.

Sisemi kwa kubuni. Warumi waliujenga kwa kuta mbili nyembamba za mawe ya kuchonga, na katikati wakajaza kifusi na chokaa. Sasa lile tumbo lake linanyonya maji ya mvua na kuvimba. Nilitundika timazi ndani ya chumba chenu cha nyuma siku ile ulipokwenda chemchemi. Juu uzi uligusa ukuta. Chini ulikuwa mbali nao kwa vidole vinne. Umeinama kuelekea kwenu, dada. Kuelekea kwenye mkeka wenu.

Nilirudi nikaandika ripoti. Niliandika nyumba mbili: yako na lile ghala la marehemu Belgacem lililo pembeni yako. Mbili tu. Mkuu wangu, Bwana Sassi, alikuwa anatafuta sababu ya kuusafisha mji mzima tangu siku nyingi, na sababu nikampa mimi. Ripoti iliporudi kutoka kupigwa chapa, mbili ilikuwa imegeuka arobaini na moja. Niliiona. Nilinyamaza.

Nichukie, ni haki yako. Lakini hama chumba kile kabla mvua hazijashika. Na kama huniamini, pima mwenyewe: gongomea msumari pale dari inapokutana na ukuta, tundika uzi wenye jiwe, kisha uangalie chini.

Mdogo wako,
Lazhar


Tunis, 27 Novemba 1961

Dada Zbaida,

Habari za afya? Hii ni wiki ya tatu sijapata jibu. Jumapili nilikwenda kituo cha mabasi kumtafuta dereva wa njia ya kwetu. Aliniambia amekuona ukianika pilipili na kwamba hukuitikia honi yake. Nilifurahi mpaka akanishangaa. Mtu anayeanika pilipili yu hai.

Hapa imenyesha siku nne mfululizo. Huko je? Kila nikisikia maji kwenye bati naacha ninachofanya na kuanza kuhesabu. Jana nimemwaga wino juu ya mchoro wa watu.

Niandikie neno moja tu: mbele, au nyuma.

Lazhar


Ain Sarfa, 3 Desemba 1961

Lazhar,

Salamu. Nyuma.

Nilimsomea Amor barua yako ya timazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ukuta huu ulikuwepo kabla ya babu wa babu yake, na utamzika yeye na kalamu yake. Mimi naugusa kila siku. Uko pale pale." Mimi nauamini mkono wa mume wangu kuliko uzi wako.

Sasa nisikilize wewe. Wanawake tumeandika ombi kwa mkuu wa wilaya. Mimi nimeandika, wengine wametia dole gumba. Tumesema hakuna nyumba ya hatari Ain Sarfa na kwamba hatuhami. Amekubali kuja kutusikiliza Jumapili tarehe 17, darasani shuleni, na Bwana Sassi wako atakuwepo na ripoti yake.

Unasema uliandika mbili. Mimi umeninong'oneza kwa barua, baada ya mambo kuharibika. Kama ni kweli, njoo ukaiseme pale itakapokugharimu.

Zbaida


Tunis, 8 Desemba 1961

Dada,

Natumaini nyote wazima. Nitakuja.

Bwana Sassi amekwisha kupata fununu. Ameniita, akafunga mlango, akaniambia, "Lazhar, mtu anayechora hapaswi kusema." Nikamwambia nimesikia. Sikumwambia nimekubali.

Lakini elewa, nikisema ukweli nitausema wote. Sitasimama mbele ya watu nikasema hakuna nyumba ya hatari. Laleni mbele, nakuomba, japo siku hizi tisa tu.

Lazhar


Ain Sarfa, 21 Desemba 1961

Mdogo wangu Lazhar,

Salamu kwako. Goti langu limevimba, Amor ana kikohozi kidogo. Mvua ilianza Jumatatu na haijakata.

Watu hawajaacha kusimulia ya darasani. Jinsi Bwana Sassi alivyosoma kurasa saba bila kuinua kichwa. Jinsi ulivyosimama kule pembeni karibu na ubao, kola yako imepinda, ukasema, "Samahani, mheshimiwa. Niliyepima ni mimi. Niliandika nyumba mbili." Salha alipiga kigelegele mpaka imamu akaziba masikio. Watu walikukumbatia. Halafu yule mkuu wa wilaya, ambaye si mjinga, akauliza, "Na hizo mbili?" Ukasema, "Thelathini na thelathini na moja." "Thelathini ya nani?" "Ghala, halina mtu." "Na thelathini na moja?"

Nilikuwa nakuangalia. Nilikuwa nakwambia kwa macho, usiseme.

"Ya dada yangu."

Nilitoka nje kwa sababu sikutaka waone uso wangu. Niliporudi nyumbani nilingoja. Nilikuwa nimechemsha mayai na kukanda mkate wa shayiri, ingawa nilikuwa nimeapa sitakupa hata maji. Nikasikia honi ya basi. Ukaondoka bila kuingia kwangu, Lazhar. Hilo ndilo lililoniuma kuliko ramani.

Sasa kijiji kimepona isipokuwa mimi. Nyumba thelathini na tisa hazihamishwi mpaka uchunguzi mpya ufanywe. Wananipa pole kama mfiwa. Wale waliotia dole gumba pamoja nami kwamba hakuna nyumba ya hatari, leo wananiuliza, "Haya Zbaida, kwa kuwa ni nyumba moja tu, si mngehama?"

Jumanne Amor alipokwenda msikitini niligongomea msumari. Nilitundika uzi na jiwe la kusagia pilipili. Nikapiga magoti, goti na maumivu yake, nikaweka vidole. Vinne. Cha tano kikaingia. Cha sita kikaingia.

Nilikuwa bado nimepiga magoti aliporudi. Akasimama mlangoni. Akasema, "Ni vingapi?" Nikamwambia, "Vingapi nini?" Akasema, "Zbaida, nasikia uzi ukigusa sakafu. Ni vingapi?"

Alikuwa anajua. Nyuma ya mitungi ya mafuta, pembeni, kuna ufa. Yeye ndiye aliyeipanga mitungi pale, nami nikadhani ni kwa ajili ya kivuli. Mwaka juzi wakati wa kuchuma zeituni kidole chake kiliingia. Mwaka jana vidole vitatu. Sasa kinaingia kiganja kizima. Kila asubuhi amekuwa akienda kupima nikiwa uani, na kila asubuhi amekuwa akirudi kunywa kahawa yangu kimya.

Nikapiga kelele, sikufichi. "Ulitaka tufe?" Akasema, "Nilitaka wewe ulale kwa Salha, nikakosa namna ya kukwambia bila kusema sababu. Mimi hapa ni mtu. Nje ya hapa ni mzigo wa kubebwa. Mzigo hauogopi kuangukiwa na ukuta."

Nimehamisha mkeka kwenda mbele. Yeye amerudi kulala nyuma. Namvuta, hatoki. Ananiambia niende kwa Salha, nami siwezi kumwacha, na yeye anajua siwezi. Unaisikia mvua? Mimi naisikia hata ninapokuandikia.

Njoo. Safari hii uingie ndani.

Dada yako,
Zbaida


Kwenye kivuko cha mto, 28 Desemba 1961

Dada yangu,

Nimeipata barua yako jana, nikapanda basi leo. Nimekwama ng'ambo ya mto. Maji yamepita juu ya daraja, basi limegeuka. Niko katika duka la chai nikiangalia miti mizima ikipita. Kuna mchuuzi mwenye nyumbu anaitwa Ferjani ambaye anajua kivuko cha juu milimani. Amekubali kuichukua barua lakini si mimi. Anasema nyumbu wake hajazoea kuvusha watu wa Tunis. Namwandikia shemeji. Msomee taratibu.

Shemeji Amor,

Sikuandikii kukuonea huruma. Ungeipasua barua, na ungekuwa na haki. Nakuandikia kwa shida yangu.

Mimi nimeupima ukuta ule siku moja ya Aprili. Dada ameupima siku moja ya Desemba. Wewe umeupima kila asubuhi kwa miaka miwili. Hakuna mtu mwingine katika nchi hii anayejua ukuta wa Warumi unavyokwenda kabla ya kuanguka: unakwenda kidogo kidogo, au unangoja na kuruka? Unasogea mvua inaponyesha, au siku jua linapotoka baada ya mvua? Ziko kuta nyingine tatu Ain Sarfa ambazo watu wanaishi chini yake, ule wa Salha ukiwa mmojawapo. Nilisema mbele ya mkuu wa wilaya kwamba ni salama. Sasa sijui, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Wewe ndiye unayejua.

Toka nje unieleze. Ukifa nayo, nitakuwa nimewaambia watu wa nyumba thelathini na tisa walale kwa amani kwa kubahatisha.

Nitangoja hapa mpaka maji yashuke.

Mdogo wenu,
Lazhar


Tunis, 9 Januari 1962

Dada Zbaida,

Mmeamkaje? Sijui kama naandika kwa watu walio hai.

Nilingoja siku sita kwenye kivuko. Maji hayakushuka, na likizo yangu ikaisha. Bwana Sassi hakunifukuza. Amenishusha ghalani, kazi yangu sasa ni kubandika karatasi kwenye vigae vya vyungu. Si neno. Lakini Ferjani sikumwona akirudi. Aliifikisha? Simu ya tarafa imekatika, dereva anasema barabara bado ni tope. Kila mtu ninayemuuliza ananiambia, "Habari mbaya hazichelewi." Mimi nafanya kazi na habari mbaya zilizochelewa miaka elfu moja na mia sita.

Neno moja, dada. Hata tusi.

Lazhar


Bondeni, 18 Januari 1962

Mdogo wangu Lazhar,

Tulia kwanza. Sisi wazima, mimi na Amor, mikono na miguu yote. Mbuzi wawili hawapo. Goti linaendelea na yake. Wewe je? Unakula? Huko ghalani kuna moto wa kujipasha?

Barabara imefunguka jana, ndiyo maana umekaa bila habari. Nitakusimulia kwa mpangilio.

Ferjani alifika Jumamosi mchana, yeye na nyumbu wake wamepakwa tope mpaka masikioni. Nilimsomea Amor barua. Akasema, "Tena." Nikaisoma tena. Akaomba mara ya tatu lile la ukuta wa Salha. Hakula. Baada ya swala ya alasiri alisimama akaanza kuizunguka nyumba: alishika tanuri, akashika mitungi mmoja mmoja, akashika kile kijishubaka cha taa, akashika mlango kuanzia juu hadi chini. Mimi nilisimama tu, nikiogopa kukohoa. Kisha akanyoosha mkono hewani, upande ambao sikuwepo, akasema, "Zbaida, nishike."

Tulikwenda kwa Salha na blanketi mbili; Amor akaupapasa ukuta wake kwanza, akasema huo bado. Na ukuta, Lazhar, ukasimama! Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, umesimama kama bwana harusi. Watu wakaanza kutabasamu. Hsan akasema, "Zbaida, ukuta wako una aibu ya kuanguka mbele ya watu." Mimi nilikaribia kurudi kuchukua ungo wangu na chungu kikubwa. Kila siku nilisema, naingia mara moja tu.

Jumatano jua lilitoka. Nilikuwa nakanda unga, nikageuka, Amor hayupo. Sijui goti lilikwenda wapi, nilikimbia kama msichana. Nikamkuta amekaa chini ng'ambo ya njia, mkabala na mlango wetu, kichwa amekiinamisha upande. Nikataka kupita niingie, nikidhani sasa nimeona kwamba hakuna kitu. Akasema kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kwangu, "Usisogee." Nikasimama. "Sikiliza." Nikasikia kitu kama mtu anapepeta ngano ndani ya nyumba. Mchanga ulikuwa unamwagika. Amor akasema, "Unakwenda siku ya jua. Mwambie Lazhar, unakwenda siku ya jua."

Sikusikia mshindo. Salha anasema ulisikika mpaka barabarani, lakini mimi sikuusikia. Nakumbuka vumbi, na Amor akiniita, na mimi nikiwa na unga mikononi. Vumbi lilipotua hapakuwa na chumba cha nyuma. Chumba cha mbele pia hakikuwepo. Mtini umesimama, mweupe wote. Chumba cha mbele, Lazhar, ambacho ulinisihi nilale. Nakwambia ili ujue kwamba hata wewe hupimi kila kitu.

Salha na wenye zile nyumba nyingine mbili wamehamisha mikeka siku hiyo hiyo bila kuambiwa na ofisi yoyote. Amor amekwenda kwao kila asubuhi, wanamwongoza mpaka ukutani na yeye anaingiza vidole, anasema, "Huu bado," au, "Huu mnaujua wenyewe." Wanamngoja kama daktari. Ana mengi ya kukueleza na ameniambia nisiyaandike, anataka ayaseme yeye.

Mkuu wa wilaya ametupa nyumba huku bondeni. Zimekwisha kumi na mbili, na sisi ndio wakazi wa kwanza. Majirani zetu ni mafundi wa lipu. Siku ya kwanza Amor alitoka kwenda kujisaidia, akarudi akaingia nyumba ambayo si yetu. Akatoka, akaingia nyingine. Milango ni ile ile, kuta ni zile zile, laini kama sabuni. Nilimkuta katika ya nne amekaa chini sakafuni, anasema ananingoja nirudi kutoka sokoni. Hakuna soko huku. Alijua. Alikuwa ananiokoa na aibu yake. Sikulia mbele yake.

Kesho yake akataka tupande juu tukatafute vyombo kwenye kifusi. Ungo tuliupata, umekuwa bapa kama mkate. Amor alikuwa anapapasa pale tumbo la ukuta lilipomwagika, na akakaa mahali pamoja muda mrefu. Akaniita. Ni jiwe refu, limelala, lina tundu dogo pembeni la kuzungushia mlango, na katikati limebonyea. Akaupitisha mkono wangu pale. Limebonyea kama godoro la mtu aliyelala upande mmoja maisha yake yote. Akasema, "Kizingiti. Watu wameingia na kutoka hapa miaka na miaka, kabla hakijatiwa ndani ya ukuta." Nikamwuliza, "Kwa hiyo hao Warumi, walipotaka kujenga hekalu lao..." Akasema, "Palikuwa na nyumba ya mtu."

Tulikaa pale mpaka jua likatuchoma.

Najua wenzako watakuja kukusanya mawe. Mpima ardhi amekwisha pita na orodha yake, na amesema kisiguswe kitu. Basi Ijumaa, watu wakiwa msikitini, mimi na Salha na Ferjani tulikifunga kile kizingiti kwa kamba, nyumbu akakivuta mpaka chini. Fundi wa lipu alikataa kukiweka mlangoni petu. "Mama, kimepinda, mlango utakaa vibaya." Salha akamwambia, "Mwanangu, hata wewe umekaa vibaya, na mama yako hakukutupa." Akakiweka.

Sasa Amor anatoka na kurudi mwenyewe. Anapita mlango wa kwanza, wa pili, anajaribu kwa kisigino. Wa tatu mguu unazama kidogo, na anaita kwa sauti kubwa kwamba ana njaa.

Ni kosa, ninajua, na wewe ndiye mtu wa sheria za mawe. Nimekuandikia kwa sababu sitaki tena kitu kikae katikati yetu bila kusemwa. Njoo Jumapili, kuna mayai. Ukiingia mguu wako utakiona kabla ya macho yako.

Usikichore.

Dada yako,
Zbaida